Jalidi ya Tatu

Juni 17

Efrain, daftari hili umenipa mwenyewe, kwa hiyo usije ukalalamika kwamba mwandiko ni mbaya. Uliniwekea mapajani asubuhi, basi likiwa limeshapiga honi mara mbili kule barabarani, ukasema, "Mama, uandike kila siku. Hata mstari mmoja. Nikiamka nataka kujua jalidi ilifanya nini na nani kagombana na nani. Sitaki kupitwa na msimu."

Nilitaka kukuuliza, na usipoamka? Nikakwambia ufunge zipu ya koti.

Umekwenda La Paz na mkeo. Hospitali wamesema mgonjwa aje na mtu mmoja, nami nilidhani huyo mmoja ni mama. Wewe ukasema mama abaki na viazi, maana tusipoanika viazi kwenye jalidi vigande, tukavikanyaga maji yatoke, vikakauka kuwa chuño, mwaka huu tutakula nini hadi mavuno mengine? Ni kweli. Lakini imeniuma, na kwa kuwa umesema niandike kila kitu, naandika kwamba imeniuma. Mwanangu wa pekee anakwenda kubadilishwa milango miwili ya moyo, ile iliyoharibiwa na homa ya viungo ulipokuwa na miaka tisa, na anayekushika mkono ni binti wa Santa Cruz, mtoto wa mihogo na ndizi, anayelala na soksi mbili na kuita chuño "mawe ya kuchemsha."

Juni 18

Kondoo wazima. Mawingu. Hakuna jalidi.

Juni 21

Mwaka mpya wetu wa jua. Tulipanda kilimani kulipokea jua. Mwanga ulipotokeza nilinyoosha viganja kwa ajili yangu, nikavishusha, nikavinyoosha tena kwa ajili yako. Shangazi yako Nicolasa akaniangalia pembeni.

"Wifi, jua halina foleni. Mbona umepanga mara mbili?"

"Hii ya pili ni ya mgonjwa."

Kisha naye akanyoosha tena viganja vyake, na aliyekuwa nyuma yake, na wa nyuma yake. Nilihisi joto kidogo kwenye vidole, nikaona kama limepita kwangu likielekea barabara ya La Paz.

Juni 23

Mawingu tena. Viazi vinasubiri ghalani, nami nasubiri pamoja navyo.

Juni 24

Mkeo Arminda amepiga simu. Ni kesho, saa moja asubuhi. Ulipewa simu ukaniuliza kama mbwa anakula. Anakula.

Juni 25

Leo wamekupasua.

Anga ilikuwa safi tangu alfajiri, ile buluu inayoahidi baridi, basi mimi na Nicolasa tukatoa magunia sita, nusu ya viazi vyetu, vile vidogo vichungu. Tukavitandaza uwanjani juu ya majani makavu, kimoja kimoja, visilaliane. Nicolasa aliimba. Mimi kila nilipoinua mgongo nilitazama jiwe la simu kule juu, maana unajua mtandao haushuki hata hatua kumi chini ya jiwe lile. Nilipanda saa sita. Nilipanda saa nane. Saa kumi nilikuwa nimekaa pale pale, simu ikalia.

"Mama, yuko hai," akasema Arminda. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, na kwa hilo nampa haki yake.

"Wamemaliza?"

"Milango yote miwili mipya. Lakini Mama, kaa chini kwanza."

"Nimekaa." Nilikuwa nimeshasimama.

"Hawajamfunga."

"Hawajamfunga nini?"

"Kifua. Moyo umevimba. Alikaa muda mrefu kwenye ile mashine inayofanya kazi badala ya moyo, sasa nyama yenyewe ya moyo imenyonya maji, kama mkate ulioanguka kwenye supu. Wamejaribu mara mbili kurudisha mfupa, moyo unabanwa, damu inaacha kwenda. Kwa hiyo wamemwacha hivyo."

"Mwanangu kalazwa wazi kama kabati?"

"Amefunikwa, Mama. Kuna utando safi juu yake, na bandeji. Wamemlaza usingizi, hasikii kitu. Wanampa dawa ya kutoa maji. Siku tatu, labda tano, moyo ukinywea ndiyo wamfunge. Daktari Iturri anasema hatabahatisha."

"Nani amewaruhusu?"

"Walileta karatasi. Nikasaini."

"Wewe?"

"Mimi, Mama. Mimi ni mke wake."

Nikamkatia simu. Nilikaa pale hadi kivuli cha jiwe kikafika zizini, na nililia, Efrain, nililia kwa hasira kwanza na kwa woga baadaye. Huyo msichana hajui. Mtu anaweza kuachwa wazi kwa utando, lakini ajayu yake, ile roho ndogo inayoshtuka haraka, utaizuia kwa utando?

Juni 26

Jalidi ya kwanza.

Uwanja wote ulikuwa mweupe na kimya. Viazi vilikuwa vigumu, ukivigonganisha vinalia kama kokoto. Jua lilipopanda vikaanza kutoa jasho, na mvuke ukasimama juu yake, mwembamba, ukiyumba. Nilikaa karibu nikiutazama mpaka nikawa sijui kama nipo macho. Niliona kama uwanja mzima unapumua, polepole, na mimi napumua nao.

Arminda alipiga mara nne. Mara ya nne nilipokea. Hali ni ile ile. Nikamwambia amwambie daktari akufunge leo leo. "Siwezi, Mama." Nikamwambia basi nitakuja mwenyewe nimwambie. Akasema, "Njoo, lakini hatafunga."

Jua lilipokuwa linazama nilichukua lile sweta lako la shule, la kahawia, lenye tundu kwenye kiwiko, nikaenda mtoni pale ulipotumbukia ukiwa na miaka saba. Mwaka ule roho yako ilishtuka ikabaki pale, ukakaa siku nane bila kula mpaka nikaja kuiita. Basi njia inaijua. Nilitikisa sweta juu ya maji nikaita, "Efrain, njoo. Njoo twende nyumbani. Usizubae huko."

Niliita mara tatu. Mara ya tatu mbwa aliinuka, akatazama njia tupu, akatikisa mkia. Na sweta likawa zito mkononi mwangu. Nakuapia lilikuwa zito. Nikaja nalo kifuani bila kugeuka nyuma, nikalilaza kitandani kwako na kulifunika blanketi mbili. Nikalala usingizi mzuri.

Juni 27

Jalidi ya pili. Na leo nimefanya jambo ambalo hutamwambia mtu.

Basi la La Paz linapita saa tano. Nilisema moyoni, nikikanyaga viazi asubuhi hii, maji yakatoka, Nicolasa atavianika mwenyewe nami nitawahi basi. Nitamshika daktari Iturri kwa ukosi wa koti lake jeupe mpaka akufunge. Nikavikusanya viazi marundo marundo, nikavua viatu.

"Wifi," akasema Nicolasa, "bado moja."

"Jalidi ya jana ilikuwa kali, ilihesabika kwa mbili."

"Nani kaihesabu? Mwanao mwalimu wa hesabu hayupo."

"Kanyaga au ondoka."

Hakuondoka wala hakukanyaga. Alisimama amekunja mikono akinitazama nikipanda kwenye rundo la kwanza. Miaka arobaini na tano nimekanyaga viazi, Efrain. Mguu wangu ulijua tangu hatua ya kwanza. Nje vilikuwa laini, ndani kiini bado kigumu, maji bado yameshikilia nyama. Havikukamuka, vilipasuka. Ngozi haikuvuka. Niliendelea. Rundo baada ya rundo niliendelea, kwa hasira, mpaka uwanja ukawa uji mweusi na miguu yangu haina hisia.

Basi lilipita. Niliisikia honi yake nikiwa nimekaa juu ya jiwe, miguu imejaa tope la viazi. Aibu ilinishika, sikuweza kuinuka. Nicolasa alileta maji ya moto, akaniosha miguu bila neno hata moja. Ingekuwa heri angenitukana.

Juni 28

Kondoo wanakula viazi. Sikupanda kwenye jiwe.

Juni 29

Nimepanda. Arminda alikuwa na sauti ya mtu ambaye hajalala kitandani siku nne. Kumbe kweli, analala kwenye kiti cha korido.

"Uvimbe umepungua, Mama. Daktari anasema moyo umeanza kunywea. Bado kidogo."

"Bado, bado. Kila siku bado."

"Mama, umeshatandaza viazi?"

Nikasema nimetandaza.

"Basi utanielewa. Siku ile daktari alipokuja na karatasi, nilikuwa sielewi chochote. Akasema, maji yameingia ndani ya nyama, tukilazimisha kufunga leo tutauponda moyo, tuyaache yatoke kwa wakati wake. Nikakukumbuka wewe. Mwaka jana nilipotia mguu uwanjani siku ya pili ukanivuta kwa msuko wa nywele. Unakumbuka? Ukasema, 'We mtoto wa ndizi, mpaka jalidi ya tatu! Ukikanyaga mapema unaponda, hukamui.' Nilikuchukia siku ile, Mama. Lakini nilimwambia daktari, nimeelewa, lete kalamu."

Upepo ulikuwa mkali pale juu.

"Mama? Umenisikia?"

"Nimekanyaga, binti yangu," nikasema. "Jalidi ya pili. Magunia yote sita."

Kisha nikasikia kitu nikadhani analia, kumbe anajizuia kucheka, na kucheka kwenyewe kukageuka kilio. Nami hivyo hivyo. Tulilia na kucheka, yeye kwenye korido na mimi kwenye jiwe.

"Usimwambie Efrain, atasoma mwenyewe daftarini," nikamwambia.

"Siwezi kuahidi, Mama."

Hiyo ni mara yangu ya kwanza kumwita binti yangu. Sijui kama alisikia.

Juni 30

Upepo. Nimemwombea Arminda apate kitanda.

Julai 1

Umefungwa! Saa nne asubuhi. Arminda anasema daktari alitoka akitabasamu, akamwambia moyo umekaa mahali pake bila kusukumwa. Nicolasa amechinja kondoo. Sasa wanakupunguzia dawa ya usingizi. Kesho utaamka.

Julai 2

Hujaamka.

Julai 3

Hujaamka. Dawa zimekwisha mwilini, wamekupiga picha kichwani, hawaoni kasoro. Moyo unapiga vizuri. Daktari anasema wengine huchelewa. Arminda anasema ukiitwa hugeuki, ukifinywa mguu unauvuta kidogo, basi.

Nilishuka kutoka kwenye jiwe nikiwaza kuna nini tena. Nikaingia chumbani kwako kutafuta shuka la kukupelekea. Na hapo nikaliona. Sweta, kitandani, limefunikwa blanketi mbili, limelala kwa raha zake.

Mungu wangu, Efrain. Nimekuita nyumbani, ukaja. Mwili uko La Paz na wewe uko hapa. Nimekuita mapema, kama nilivyokanyaga mapema, kabla hawajakufunga, kabla ya kuwa na mahali pa kurudi. Ningesubiri siku tano tu ningekuitia kando ya kitanda chako, kama mama mwenye akili.

Usiondoke hapo. Kesho tunasafiri.

Julai 4

Nimekutia kwenye mbeleko ya mistari myekundu, ile niliyokubebea ulipozaliwa, nikakufunga mgongoni. Kwenye kila mlango nilisema kwa sauti, "Tunatoka, Efrain. Tunavuka barabara, Efrain," ili usipotee. Nicolasa hakunicheka. Alishika ncha ya mbeleko mpaka nikapanda basi.

Dirisha lilikuwa na ukungu. Uwanda ulipita mweupe na wa dhahabu, na katika vijiji vyote watu walikuwa wanakanyaga viazi, wameshikana mabega, wanazunguka taratibu. Nilisinzia, nikaamka, bado wanazunguka. Mama mmoja jirani yangu akachungulia mgongoni kwangu.

"Kamelala mno. Kana miezi mingapi?"

"Thelathini na moja," nikasema. "Miaka."

Aliangalia sweta, akaniangalia mimi. Kisha akalisogezea pazia la dirisha ili jua lisilipige. Watu wetu ni wazuri.

Arminda alinipokea kwenye ngazi za hospitali. Nilimjua kwa blauzi tu. Amekonda, vifundo vya miguu vimejaa kwa kukaa kwenye kiti. Nilimweleza niliyoyafanya nikisubiri anicheke, huyu wa mawe ya kuchemsha. Akasema, "Kwa hiyo yuko mgongoni? Basi usikae kwenye upepo, Mama." Akavua shali yake akanifunika mgongo.

Nilimdharau mtu huyu miaka mitatu. Naandika ili usome.

Julai 5

Muuguzi alituruhusu sisi wawili, robo saa. Ulikuwa na bomba mdomoni na plasta ndefu katikati ya kifua, na uso wako ulikuwa mtulivu, wa mtu aliye mbali sana na anayefurahia huko aliko. Hilo ndilo lililonitisha.

Nililifungua sweta nikalilaza ubavuni kwako. Nikaita kwa sauti ndogo. "Efrain, njoo. Umefika. Mlango umeshafungwa, ingia." Nikalishika sweta, likawa jepesi, la kawaida, sufu kuukuu tu. Nikajua umeshuka. Lakini hukufungua macho. Niliita tena, na tena. Mashine ililia tii, tii, tii. Muuguzi akatazama saa.

"Ngoja, Mama," akasema Arminda. Akainama sikioni kwako, akasema kwa ile sauti yake ya Santa Cruz, ya sokoni, inayosikika mtaa wa pili.

"Wewe bingwa wa kukoroma! Unajua mama yako kafanya nini? Kakanyaga viazi jalidi ya pili."

"Arminda!"

"Ya pili, Efrain! Magunia sita! Vimekuwa uji, hata kondoo wamevinusa wakaondoka!"

Ni uongo, kondoo walikula. Nilikuwa nafungua mdomo nijitetee nilipoona paji lako la uso. Lilikunjamana. Ile mikunjo miwili unayoiweka mwanafunzi anapokuandikia ubaoni kwamba saba mara nane ni hamsini na nne. Kisha jicho moja likafunguka, halafu la pili, yakahangaika hewani, yakanitafuta, yakanikuta. Na yalinitazama kwa mshangao mkubwa na masikitiko makubwa, mimi mama yako, niliyekufundisha kuhesabu asubuhi.

Sijawahi kuaibishwa mbele za watu nikafurahi namna ile. Nililia kwa sauti mpaka muuguzi akanitoa. Arminda alibaki amekushika mkono, na safari hii haikuniuma.

Julai 6

Umetolewa bomba. Neno lako la kwanza: "Sita?"

Julai 20

Supu ya vijiko. Hatua kumi. Kikohozi huku umekumbatia mto.

Agosti 6

Tuko nyumbani siku ya tatu. Kila asubuhi Arminda anakupima kwenye mizani ya magunia, uzito ukipanda ghafla maji yamerudi. Hayajarudi. Maji ya kunywa yamepimwa kwenye jagi, na unayalinda kama bahili. Leo tumetandaza magunia sita yaliyobaki. Baridi inaelekea ukingoni, Nicolasa anasema tumechelewa. Wewe umekaa kwenye kiti juani, blanketi hadi kidevuni, unasimamia.

Agosti 7

Jalidi ya kwanza.

Agosti 8

Jalidi ya pili. Nilivua viatu miguu ipunge hewa tu.

"Mama," ukasema kutoka kwenye kiti. "Viatu."

Nikavivaa.

Agosti 9

Niliamka na hofu kwamba joto limerudi. Nilipofungua mlango uwanja ulikuwa mweupe.

Ulikuja kwa hatua zako za kuhesabu, mkono mmoja kifuani. Hukuweza kuinama, kwa hiyo Arminda alikuokotea kiazi akakuwekea kiganjani. Ulikisubiri kiyeyuke kidogo juani, ukakibonyeza kwa kidole gumba. Tulisimama pale wanawake watatu bila viatu, tunakutazama kama watoto wa darasani.

"Sasa," ukasema.

Tulishikana mabega tukapanda kwenye rundo. Ngozi zilivuka zenyewe. Maji yalitoka katikati ya vidole, baridi kali, meusi kidogo, yakatafuta njia kwenye majani yakaenda zake. Arminda alianza kulia kwa baridi kama mwaka jana. Mwaka jana nilimkaripia. Leo nimemshika kiuno, tumekanyaga pamoja mpaka maji yakaisha.

Daftari hili hapa, mwanangu. Hukupitwa na kitu ila magunia sita, na hayo usiniulize tena.